Wazo likizaliwa Mutakura, nani atalilea?

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinahimiza wanafunzi na wahadhiri wabuni suluhisho la matatizo ya jamii. Kampala na Arusha tayari zina matunda ya kuonyesha. Kwa kijana wa Bujumbura, safari kutoka karatasi ya mtihani hadi kifaa kinachotumika mtaani bado ni ndefu, na kituo kinachokosekana njiani ni fedha ndogo za mwanzo.

BUJUMBURA

Jua linapozama nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbu huanza kazi Mutakura. Ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, kwenye uwanda wa joto wa Imbo, wenye avenyu zinazoitwa kwa namba na nyumba zilizokaa bega kwa bega. Milango huachwa wazi ili upepo upite. Uani, sufuria ya maharage hutokota juu ya jiko la makaa, lile wenyeji waliloita imbabura. Pembeni yake kuna madumu ya njano yaliyojazwa maji mapema, kwa sababu hakuna anayejua bomba litakauka saa ngapi.

Katika mtaa kama huu wanaishi pia wanafunzi wa vyuo vikuu. Asiyepata kitanda kwenye bweni hupanga chumba na wenzake, hula chakula kimoja na majirani na hung'atwa na mbu walewale. Asubuhi huingia darasani kusoma kemia, afya ya jamii, kilimo au uhandisi. Mambo anayofundishwa mchana na matatizo anayorudi kulala nayo usiku yanahusiana moja kwa moja: malaria, maji, taka na nishati ya kupikia.

Mwishoni mwa masomo huandika tasnifu, ambayo Bujumbura huitwa memwari. Jopo humsikiliza, humuuliza maswali, humpa alama. Kisha memwari huingia kabatini. Kama ndani yake kulikuwa na wazo la kuchuja maji au kugeuza maganda ya ndizi kuwa mkaa, nalo huingia kabatini pamoja nayo.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo vyuo vikuu vya ukanda huu vimekuwa vikilijibu kila kimoja kwa namna yake: nani alipe gharama ya kulitoa wazo hilo kabatini?

Sabuni iliyozaliwa Ouagadougou

Mfano unaowagusa Warundi zaidi haukutokea Burundi. Ulitokea Burkina Faso.

Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa taasisi ya uhandisi wa maji na mazingira ya 2iE, jijini Ouagadougou, walishinda shindano la kimataifa la biashara za kijamii lililoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Mmoja aliitwa Moctar Dembélé, mwenyeji wa Burkina Faso. Mwenzake alikuwa Mrundi, Gérard Niyondiko. Walikuwa Waafrika wa kwanza kutwaa tuzo kuu ya shindano hilo, iliyokuwa na thamani ya dola 25,000.

Wazo lao lilikuwa rahisi kuelezeka hata kwa mama anayefua uani. Kila nyumba, hata iliyo maskini, hununua sabuni. Watu wengi hung'atwa na mbu jioni kabla ya kuingia ndani ya chandarua. Kwa nini basi sabuni ile ile ya kuogea isiachie kwenye ngozi harufu inayofukuza mbu? Wakatengeneza sabuni yenye siagi ya shea na mafuta ya mimea, ukiwamo mchaichai, wakaiita Faso Soap. Lengo walilolitangaza baadaye lilikuwa kuokoa maisha ya watu 100,000.

Uzito wa wazo hilo kwa Burundi ulionekana miaka michache baadaye. Machi 2017 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza kuwa malaria imefikia kiwango cha mlipuko. Takwimu zilizotolewa wakati huo zilionyesha visa takriban milioni 9 na vifo 3,700 tangu Januari 2016, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 12.

Hata hivyo, sabuni haikufika madukani kwa kasi ya sifa zake. Mwaka 2016 wabunifu hao walilazimika kuchangisha fedha kwa umma kupitia intaneti ili waendelee na utafiti. Sababu yake ni ya kisayansi. Harufu ya mimea huruka haraka, na sabuni huoshwa na maji. Kuifanya dawa ibaki kwenye ngozi kwa saa kadhaa, kisha kuthibitisha kwamba inapunguza malaria na haimdhuru mtoto, kunahitaji maabara, wataalamu na miaka ya majaribio. Dola 25,000 ni fedha nyingi kwa mwanafunzi, lakini kwa majaribio ya namna hiyo haziendi mbali.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kijana wa Burundi hakosi mawazo. La pili ni kwamba wazo lake lilipata mahali pa kulelewa kwa sababu alikuwa amejiunga na taasisi iliyokuwa na desturi ya kusaidia miradi ya wanafunzi wake, mbali na nyumbani kwao.

Kampala: kutoka fedha za mfadhili hadi bajeti ya serikali

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere ndicho chenye historia ndefu zaidi katika jambo hili.

Mwaka 2012 Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Marekani, USAID, lilichagua vyuo vikuu saba kuongoza vituo vya ubunifu wa maendeleo. Sita vilikuwa vya Marekani, vikiwamo MIT na Berkeley. Cha saba kilikuwa Makerere. Kupitia Shule ya Afya ya Umma, chuo hicho kikaanzisha mtandao wa ResilientAfrica, unaofahamika kwa kifupi RAN, kwa msaada wa dola milioni 25 kwa miaka mitano. Mtandao huo uliunganisha vyuo vikuu 20 katika nchi 16 za Afrika, na ulitoa ruzuku kwa timu za wanafunzi na wahadhiri waliokuwa tayari kufanya kazi pamoja na jamii zenye matatizo yenyewe.

Moja ya matunda ya RAN ni EpiTent, hema la kuhudumia wagonjwa wa magonjwa ya mlipuko. Wabunifu walitaka hema lisilomchemsha muuguzi aliyevaa mavazi mazito ya kujikinga, kwani kwenye milipuko ya Ebola joto ndani ya mahema ya kawaida lilikuwa likifupisha muda ambao mhudumu angeweza kukaa na mgonjwa. Ugonjwa wa COVID-19 ulipoingia Uganda mwaka 2020, mahema hayo yalikuwa tayari kutumika.

Lakini fedha za mfadhili zina tarehe ya mwisho. Miaka mitano iliyopangwa ilipita, na mwaka 2025 USAID yenyewe ilivunjwa na serikali ya Marekani. Mwenye kutegemea kisima cha jirani hulala na kiu siku jirani anapofunga lango.

Makerere kilikuwa kimeanza kuchimba kisima chake. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilikubali kutenga shilingi bilioni 30 za nchi hiyo kwa mwaka wa fedha 2019/20, sawa na takriban dola milioni 8 wakati ule, kwa ajili ya Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Makerere, Mak-RIF. Hii haikuwa fedha ya mishahara wala ya majengo. Ilikuwa ya kushindaniwa. Wahadhiri na watafiti wanaandika maombi, jopo linayapima, anayeshinda anapewa fedha kwa awamu na anatakiwa kuonyesha alichofanya kabla ya kupata awamu inayofuata. Janga la COVID-19 lilipozuka, mfuko ulitangaza haraka nafasi za miradi ya kupambana nalo, kwa sababu utaratibu ulikuwa umekwisha kuwekwa na hakukuwa na haja ya kuanza kutafuta mfadhili.

Wanafunzi wa Makerere nao walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Brian Gitta, aliyekuwa akisoma sayansi ya kompyuta, alichoka kuchomwa sindano kila alipopimwa malaria. Yeye na wenzake wakabuni kifaa kinachobanwa kwenye kidole na kutafuta dalili za vimelea vya malaria kwa kutumia mwanga na sumaku, bila kutoa damu. Wakakiita Matibabu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Mwaka 2018 Gitta, akiwa na umri wa miaka 24, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata.

Arusha: mhadhiri na maji ya kijijini kwao

Ubunifu wa kijamii si wa wanafunzi peke yao. Mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo hiyo, mwaka 2015, alikuwa mhadhiri: Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Arusha.

Hilonga alizaliwa kijiji cha Gongali, wilayani Karatu. Alikwenda Korea Kusini akasomea uhandisi wa kemikali hadi shahada ya uzamivu, akijikita kwenye teknolojia ya nano, yaani elimu ya vitu vidogo kupita vinavyoonekana kwa jicho. Aliporudi alikutana na swali ambalo watu wa Arusha wanalijua tangu utotoni: kwa nini maji yetu yanaharibu meno? Maji ya maeneo mengi ya ukanda huo yana madini ya floraidi kupita kiasi, ambayo hubadili rangi ya meno na, kwa wingi zaidi, hudhuru mifupa.

Chujio alilolibuni linaunganisha mchanga, ambao watu wamekuwa wakichujia maji tangu zamani, na vitu vya nano vinavyochaguliwa kulingana na uchafu uliopo kwenye maji ya eneo husika. Kwenye floraidi huwekwa kimoja, kwenye uchafu mwingine huwekwa kingine. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo aliipa jina la kijiji chake, Gongali Model, na moja ya njia zake ni kuwawezesha watu kuendesha vituo vya kuuza maji safi kwa bei ndogo mitaani, ili asiye na uwezo wa kununua chujio aweze walau kununua maji.

Ukiweka visa hivi vitatu mezani, kitu kimoja kinajitokeza. Niyondiko alipata dola 25,000. Hilonga alipata pauni 25,000. Gitta alipata pauni 25,000. Tuzo zote tatu zilitoka nje ya Afrika, na zote zilitolewa baada ya wazo kuwa na umbo. Tuzo humpokea mtu aliyekwisha kufika mlangoni. Nauli ya kumfikisha mlangoni hutoka kwingine: kwenye maabara aliyoruhusiwa kuitumia, kwa mhadhiri aliyempa muda wake, na kwenye fedha kidogo za kununulia vifaa vya kwanza. Hizo ndizo fedha ambazo chuo kikuu kinaweza kuzitoa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Sheria zipo, fedha zinachechemea

Serikali za ukanda huu hazijakaa kimya. Tanzania ilianzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake kuna mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Mwaka 2019 nchi hiyo ilianzisha mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, ambayo hukutanisha wabunifu wa ngazi zote, kuanzia shule za msingi na mafundi wasio na vyeti hadi vyuo vikuu.

Kenya ilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu mwaka 2013. Sheria hiyo ilianzisha mfuko wa taifa wa utafiti na kutaja kiwango kikubwa cha fedha: asilimia 2 ya pato la taifa. Utekelezaji umebaki mbali sana na andiko. Umoja wa Afrika nao uliweka lengo la kila nchi kutumia walau asilimia 1 ya pato lake kwenye utafiti, na miaka inapita huku nchi nyingi zikiwa hazijalifikia.

Katika ngazi ya jumuiya, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala, ndilo linalounganisha vyuo. Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na shahada yake waweze kuvuka mipaka bila vikwazo. IUCEA pia ilipewa jukumu la kuratibu mradi mkubwa wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri, ACE II, ulioanza mwaka 2016. Vituo 24 vilichaguliwa katika nchi nane: Ethiopia, Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda, Tanzania, Uganda na Zambia.

Burundi haimo kwenye orodha hiyo.

Haina maana kwamba nchi imesahauliwa kabisa. Jumuiya ilipogawana vituo vya umahiri vya sayansi za tiba, Kenya ilipewa magonjwa ya figo, Uganda saratani, Tanzania magonjwa ya moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, na Burundi ikapewa sayansi ya lishe. Kwa nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, huo ni mgawo wenye uzito. Lakini kituo cha taaluma ni jambo moja, na fedha ndogo zinazomfikia mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye wazo ni jambo lingine.

Mkopo hauwezi kulipia jaribio

Burundi imefanya jitihada zake kwa vijana. Mwaka 2020 ilifunguliwa benki ya uwekezaji ya vijana, BIJE. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha mpango wa kuwawezesha vijana kiuchumi na kuwapatia ajira, PAEEJ. Vikundi vya vijana vimepata mitaji ya kufuga, kulima, kusindika vyakula na kufungua karakana.

Tatizo ni kwamba benki na ubunifu haviendi kwa mwendo mmoja. Benki inataka kujua fedha zitarudi lini. Mbunifu, kama ni mkweli, hajui hata kama kifaa chake kitafanya kazi. Kijana anayekopa kufuga kuku anajua kuku watataga. Anayetaka kujaribu kama chujio la mkaa na mchanga linaweza kuondoa vijidudu kwenye maji ya mtaa anaweza kugundua, baada ya miezi sita, kwamba haliondoi. Kisayansi hilo ni jibu lenye manufaa, kwa sababu limemzuia mtu mwingine kupoteza muda. Kibenki ni deni lisilolipika.

Mwanafunzi wa Burundi ana sababu ya ziada ya kuogopa deni. Mwaka 2017 serikali ilibadili posho ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma kuwa mkopo ambao mhitimu anatakiwa kuurejesha atakapopata kazi. Mtu anayemaliza chuo akiwa tayari anadaiwa hatakimbilia kukopa tena kwa ajili ya jaribio.

Kuna pia uhaba wa fedha za kigeni, ambao umeifanya Burundi ikose mafuta ya magari kwa vipindi virefu. Uhaba huo huo unaingia maabara. Kemikali, vipimo na vipuri vinaagizwa nje kwa dola. Hata faranga zikipatikana, kifaa kinaweza kuchelewa kufika hadi mwaka wa masomo ukaisha.

Na kuna lugha. Mwanafunzi wa Bujumbura husoma kwa Kifaransa, huongea Kirundi na Kiswahili mtaani, na hukutana na matangazo mengi ya ruzuku za kikanda yakiwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za jumuiya waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Fomu ya maombi ya ruzuku ni mahali pazuri pa kupima kama uamuzi huo umeshuka kutoka kwenye ukumbi wa mkutano.

Umbali nao umeongezeka. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Anayetaka kwenda Kampala kwa basi, kwenye maonyesho ya wabunifu au kukutana na jopo, analazimika kuzunguka Tanzania. Safari hiyo ni mzigo mzito kwa mfuko wa mwanafunzi.

Mfuko mdogo unavyoweza kufanya kazi

Uzoefu wa Kampala na kwingineko unaonyesha kwamba mfuko wa chuo hauhitaji kuanza na mabilioni. Unahitaji utaratibu unaoaminika.

Kwanza, fedha hugawanywa katika ngazi. Ngazi ya chini ni ya kujaribu tu: vifaa vya kutengenezea mfano wa kwanza, nauli ya kwenda mtaani, gharama ya kupima sampuli. Waombaji wengi hupewa kidogo. Ngazi ya pili ni ya wachache waliofaulu majaribio, na fedha huongezeka. Ngazi ya tatu ni ya kutafuta mwekezaji, wizara au shirika la kuichukua kazi. Kwa njia hiyo chuo hakipotezi fedha nyingi kwa wazo moja, na anayeshindwa hushindwa mapema na kwa gharama ndogo.

Pili, mwanafunzi huomba pamoja na mhadhiri. Hili lina sababu ya kawaida kabisa: mwanafunzi huhitimu na kuondoka, mhadhiri hubaki. Mradi usio na mhadhiri hufa siku ya mahafali. Lakini ni lazima makubaliano ya umiliki yaandikwe mwanzoni. Kama kifaa kitapata hataza, jina la nani litaandikwa? Kama kitauzwa, chuo kitachukua fungu gani, na mwanafunzi fungu gani? Maswali haya yakiachwa hadi fedha ziingie, urafiki wa maabara hugeuka kesi.

Tatu, jamii inakuwa mshirika tangu siku ya kwanza. Jiko linalookoa makaa lakini haliwezi kubeba sufuria ya maharage ya familia ya watu wanane halitatumika Mutakura, hata likipata alama zote za jopo. Anayejua ukubwa wa sufuria ni mama wa nyumbani, naye ndiye anayepaswa kuulizwa kabla ya chuma kukatwa.

Nne, miradi inayogusa miili ya watu, kama dawa, maji na chakula, hupitia kamati ya maadili ya utafiti. Vijana wengi huiona kamati hiyo kama kizuizi. Kwa kweli ndiyo inayompa mbunifu haki ya kuaminiwa. Mtaa ukidhurika na jaribio moja, mlango hufungwa kwa majaribio yote yatakayofuata.

Kaskazini mwa Bujumbura pana sababu ya kusubiri

Umuhimu wa jambo hili hauhitaji hesabu ngumu. Januari 1, 2023, Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ikiwamo Kinama na Buterere, majirani wa Mutakura, ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika mwanzoni. Buterere ndiko liliko jalala la jiji. Julai 2024 ukaja ugonjwa wa mpox, na eneo hilo hilo la kaskazini likawa miongoni mwa yenye wagonjwa wengi. Mara zote mbili ushauri wa kwanza kwa wananchi ulikuwa ule ule: nawa mikono. Ni ushauri sahihi ambao unategemea madumu ya njano yaliyopangwa uani.

Vijana wa eneo hili pia wana historia ya kufanya mambo pamoja katika mazingira magumu. Katika vita vya miaka ya 1990 mitaa ya kaskazini iligawanyika kikabila, na kuvuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kuliweza kugharimu uhai. Wakati huo huo Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa mwanzoni mwa muongo huo na wamisionari wa Kikatoliki, kiliendelea kuwakutanisha vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha kwa michezo, masomo na kazi za mikono. Mwaka 2002 kilipata tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Mwaka 2015 Mutakura ilikuwa tena kwenye habari, safari hii kwa maandamano na ghasia za kisiasa zilizofanya vijana wengi wakimbilie nchi jirani.

Mtaa wenye historia hiyo unajua thamani ya kijana kuwa na kazi ya maana ya kufanya. Pia una kitu ambacho maabara haina: watu wanaoishi ndani ya tatizo, wanaoweza kusema kwa siku moja kama suluhisho lina maana au ni pambo la maonyesho.

Chuo Kikuu cha Burundi kimekuwapo, kwa majina tofauti, tangu mwaka 1964, na vyuo binafsi vimeongezeka jijini tangu mwanzo wa karne hii. Kabati za memwari zimejaa. Hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kuzifungua, kuzisoma upya na kuchagua chache zinazojibu tatizo la mtaa wa jirani. Hatua ya pili ni kutenga fungu, hata dogo, katika bajeti ya kila mwaka, lisiloguswa mafuta yanapopanda bei. Hatua ya tatu ni ya jumuiya: kuhakikisha mfuko wowote wa kikanda unaofuata unahesabu nchi zote wanachama, na kwamba fomu yake inaweza kujazwa kwa lugha ambazo jumuiya imezitambua.

Niyondiko alibuni sabuni yake umbali wa nchi kadhaa kutoka nyumbani. Mchaichai aliotumia huota pia kwenye bustani za Bujumbura, na akina mama huuchemsha kwenye chai bila kufikiri. Jioni hii Mutakura, majani yake yanauzwa kwa mafungu pembeni ya barabara, na mbu wameanza kuimba. Pengine katika chumba kimojawapo cha kupanga kuna mwanafunzi wa kemia aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani. Kinachofuata kinategemea kama kesho, atakapofika chuoni, atakuta mlango wa kugonga.